Aliyoyaona Yaya Jeannine Bangkok

Yaya Jeannine alituachia mtoto mmoja na ugomvi mmoja. Mtoto ni Shekinah, binti yake, ambaye mwaka huu ametimiza miaka kumi na minne. Ugomvi ni nani amlee. Yaya mwenyewe alikwisha sema kabla hajafa: Shekinah akakae mtaa wa Observatory kwa Belyse, rafiki yake Mrundi, kwa sababu mimi ni mlinzi wa zamu za usiku na ghorofa letu la Berea, hapa Johannesburg, si mahali pa kumfungia msichana peke yake mpaka asubuhi. Alisema hivyo akiwa na akili zake zote, mkono wake ndani ya wangu. Lakini kanisani kwetu wapo wanaosema kwamba Belyse ndiye aliyemla kwa uchawi. Wanasema alimpeleka Bangkok mwaka 2017, akamuuza kwa pepo wa huko, na pepo akachukua miaka miwili kumaliza kazi. Halafu wananiuliza, sasa Pitchou, unataka kumpelekea na mtoto?

Mimi ndiye Pitchou, mdogo wake. Kwetu Uvira, Kongo, yaya ni dada mkubwa, na huyu alikuwa zaidi ya dada, kwa sababu wazazi walipopotea katika vita ni yeye aliyenishika mkono tukatembea. Nimefika kidato cha nne tu. Naandika ninayoyajua, na yale niliyoyasikia kwa sauti yake mwenyewe, ili mtu akitaka kusema, aseme baada ya kujua.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: yaya hakumwamini mtu. Njiani tulipokuwa tunakimbia, bwana mmoja mwenye shati safi alitokea na kusema anajua njia fupi ya kwenda ziwani. Watu wengi walimfuata. Yaya alimtazama viatu, akaona havina vumbi, akanivuta tukakaa majanini. Wale waliomfuata hatukuwaona tena. Tangu siku ile akawa mtu wa kutazama viatu na mikono. Alisema Mungu anaaminiwa, mtu anatazamwa.

Tulipofika Johannesburg tukaishi nyuma ya pazia katika fleti moja na familia nyingine za Wakongo, jiko moja kwa wote. Yaya alifunga kifuniko cha sufuria kwa kamba, kwa fundo lake mwenyewe, ili akirudi ajue kama kuna aliyefungua. Mimi pia alinifungia sufuria. Lifti ya ghorofa letu ilipokuwa bado inafanya kazi, hakuingia ikiwa ndani kuna mwanaume mmoja. Wawili aliingia, kwa sababu alisema wawili hawajakubaliana bado. Yai la spaza, kiduka cha mtaani, alilitikisa sikioni kama simu.

Alianza kusuka nywele Hillbrow, katika saluni ya chumba kimoja. Kila mteja akimaliza kusukwa, yaya alikusanya nywele zilizobaki kwenye kitana na sakafuni, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akamkabidhi mwenyewe. Hakutaka kesho mtu augue aseme nywele zake zilibaki kwa Jeannine. Ajabu ni kwamba wanawake walimpenda kwa hilo. Walisema yule asiyemwamini mtu ndiye wa kumwachia kichwa.

Belyse alikuja saluni ile kusukwa. Yaya alipompa mfuko wake, Belyse aliutazama, akauliza ni wa nini. Alipoelezwa akacheka, akautupa kwenye pipa palepale, akasema, "Dada, nywele zangu mimi mwenyewe zimenishinda, wewe utazifanyia nini?" Yaya aliniambia baadaye kwamba siku nzima alilitazama lile pipa. Hakuwa amewahi kuona mtu anayeacha nywele zake hivyo. Alimshuku kwanza, kisha akampenda, na mpaka mwisho sijui kama alimaliza kumshuku.

Baadaye Belyse aliingia biashara ya nguo. Alikuwa na makaratasi ya kusafiri, akawa anakwenda Bangkok kununua magauni na blauzi. Alihitaji mtu wa kukaa mezani soko la Yeoville wakati hayupo, na mtu huyo akawa yaya. Mmoja anasafiri, mwingine anauza. Waliabudu nasi kanisa lile lile, chumba cha juu ya duka la matairi, na wakikaa wanakaa kiti kwa kiti.

Nguo ziliisha haraka kila mara, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwetu mtu akipata shida watu huomba naye; akipata faida watu huuliza ameipata kwa nani. Maman Marthe, kiongozi wa waombezi, alimwambia yaya kwa upole kabisa kwamba asiwe kipofu. Nisimsingizie Maman Marthe: ni mama aliyezika maiti zetu na kulala nasi kwenye misiba, na tukiugua ndiye wa kwanza kubisha hodi. Alimwambia yaya tu kwamba, kwa kuwa sasa naye amepata makaratasi yake, aende huko mara moja akatazame Belyse anafanya nini na mikono yake. Hilo neno la mikono lilimwingia yaya.

Akaenda, mwanzoni mwa 2017, mwezi ambao huku watu walikuwa wanazungumza tena habari za kuvunja maduka ya wageni. Tulibaki tukisubiri sauti zake za WhatsApp. Jioni kabla sijakwenda kazini tulikaa kitandani, mimi na Shekinah, na Maman Marthe ambaye alikuja kila siku kuomba nasi, simu katikati.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya kunong'ona. "Pitchou, watu wa hapa wanatabasamu. Sijasema neno, sijanunua kitu, wananitabasamia. Niombeeni."

Ya pili alikuwa barabarani. Alisema joto la huko linakukalia kama mtu. Nyaya za umeme zimefungamana juu ya vichwa vya watu kama nywele ambazo hazijachanwa tangu Krismasi, na watu wanapita chini yake wakila. Treni inapita hewani juu ya barabara, na chini yake pikipiki zinajipanga kwenye robot, taa za barabarani, nyingi kama nzige, zinangoja kijani. Lakini kilichomtisha ni ukimya. Katika msongamano ule wote hapakuwa na honi. Tunaoishi Johannesburg tunajua teksi inakupigia honi hata ukiwa umekaa barazani kwako. "Mji mkubwa namna hii na hakuna anayepiga honi," yaya alisema. "Wanaficha nini?"

Kisha akaona mtu ameacha simu yake juu ya meza ya mkahawa kushika nafasi, akaenda kununua chakula. Yaya alikaa mbali akaitazama ile simu mpaka mwenyewe akarudi. Alisema ulikuwa mtego, ila hakujua wa nani.

Tena watu wengi walivaa nyeusi. Ofisini nyeusi, sokoni nyeusi, hata wasichana wa dukani. Belyse alimweleza kwamba mfalme wao alifariki mwaka uliopita na nchi bado iko matangani. Yaya alisema huenda ni kweli, lakini yeye hajaona kaburi. Hata hivyo alinunua magauni meusi mengi, kwa sababu alijua Johannesburg misiba haiishi. Chakula alikikataa. Alikula ndizi na mayai ya kuchemsha, vitu vilivyokuja na maganda yao, maana ganda huwezi kulifungua ukalifunga tena.

Baada ya hapo ikaja sauti ya nyumba ndogo. Alisema kila jengo lina mtoto wake. Mbele ya hoteli, mbele ya duka, mbele ya benki, kuna nyumba ndogo imesimamishwa juu ya nguzo, ina paa la rangi ya dhahabu, ina vijisanamu vya wazee na wacheza ngoma, na mbele yake wameweka maua, wali, na chupa ya soda nyekundu iliyofunguliwa. "Soda ina mrija, Pitchou. Mrija wa nani?"

Maman Marthe akafumba macho. Shekinah, ambaye amezaliwa hapa na anasikia Kiswahili chetu lakini hujibu kwa Kiingereza, akasema ni soda tu. Maman Marthe akamwambia kwamba kwa shetani hakuna kitu ambacho ni tu.

Sauti mbili zilizofuata ndizo zilizoleta msiba. Katika ya kwanza yaya alikuwa dirishani mwa hoteli, asubuhi. Chini palikuwa na uchochoro wa kuingilia soko la Pratunam, wanakonunua kwa jumla, na kwenye mdomo wa uchochoro nyumba ndogo. Alisema amemwona Belyse kwa macho yake anatoka, anafika pale, anaunganisha viganja vyote viwili mbele ya kifua, anainama. Kisha anaendelea na safari yake kama aliyepita kumjulia hali jirani.

Katika ya pili walikuwa wamekwisha nunua. Walikuwa wateja wa kwanza wa duka lile siku hiyo. Mama mwenye duka alizichukua noti mkononi mwa Belyse, akazipigapiga juu ya nguo zote, zile zilizotundikwa na zile zilizokunjwa, huku akisema maneno mafupi na kucheka. Belyse naye akacheka. Yaya alikuwa analia tulipomsikia. "Pesa yetu, Pitchou. Amechukua pesa yetu akaifungia humo, na Belyse anacheka."

Maman Marthe hakupaza sauti wala hakulaumu. Alimwomba Shekinah amtumie zile sauti. Mtoto akazituma. Ilipofika Jumapili kanisa zima lilikuwa limezisikia, tena wengine walizisikia pamoja na maelezo ambayo yaya hakuyasema.

Walirudi kwa ndege moja lakini uwanjani hawakutoka pamoja. Belyse alitoka mbele akisukuma mizigo, akanisalimu, akamkumbatia Shekinah. Yaya alikuja nyuma, akamvuta mtoto kwake kama mtu anayeondoa sufuria motoni. Ndani ya teksi hakuna aliyezungumza, ila dereva.

Jumapili iliyofuata, kanisani, Belyse alipokaa, kiti cha kulia kikawa kitupu, na cha kushoto. Watoto aliokuwa akiwapa peremende walizirudisha, mmoja mmoja, mama zao wakiwa wametazama pembeni. Pasta akamwita mbele apige magoti aombewe afunguliwe. Belyse akauliza amefanya nini. Alirudia swali lile mara ya pili akiangalia upande wa yaya, na yaya akatazama chini. Basi akachukua mkoba wake, akashuka ngazi, na hakuna aliyemfuata.

Wasomaji wasioishi mtaani kwetu wajue kwamba neno kama lile si la kanisani peke yake. Linashuka ngazi pamoja na watu. Linafika sokoni, linafika kwa mwenye nyumba. Wapo waliofukuzwa vyumba kwa chini ya hapo, na wapo waliopigwa. Belyse alikuwa na meza ile na chumba kile cha uani Observatory, na jina lake. Vyote vitatu vilianza kutikisika kwa wakati mmoja.

Mzigo ulipofika kwa kargo, yaya hakukubali uguswe kabla haujaombewa. Maman Marthe alikuja na waombezi wenzake, na chupa ya mafuta ya zeituni yaliyofungiwa saumu. Walikata marobota chumbani kwetu, wakatoa kila vazi kwenye plastiki yake, na kila moja Maman Marthe akalitia alama ya msalaba kwa kidole gumba kilichochovywa mafuta. Waliimba vizuri. Nami niliitikia, nilikuwa namwogopea dada yangu. Kati ya sisi wote, watu waliokuwa wakiuza nguo, kushona nguo na kufua nguo, hakuna aliyekumbuka mafuta hufanya nini kwenye satini.

Sokoni yaya alikuwa ametundika pazia katikati ya meza. Upande huu yeye na mzigo mpya, upande ule Belyse na mabaki ya zamani. Kuna mtu alikuwa amemwaga chumvi upande wa Belyse. Aliipangusa kwa kiganja, akaendelea kukunja blauzi. Mimi nilikuwa mapumzikoni siku hizo, nikakaa na yaya. Mteja wa kwanza wa satini alilinyanyua gauni juani, akaligeuza, akauliza hiki ni nini. Kifuani palikuwa na msalaba wa rangi ya chai. Yaya akatoa lingine. Nalo lina msalaba. Akatoa la kijani, la waridi, yote yamebatizwa. Mteja alicheka hadi akakaa, akaenda kuwaita wenzake waje waone nguo za Wakatoliki.

Kutoka nyuma ya pazia mkono wa Belyse ulitokea ukiwa na kopo la poda ya mtoto, ukaliweka mezani. Sauti yake ikasema yaya apake poda, aiache mpaka kesho, halafu afue pale pale kwa sabuni ya vyombo. Yaya alilitazama kopo lile. Akalisukuma kwa ncha ya hanga mpaka likarudi upande wa pili.

Kesho yake asubuhi mama mmoja wa Zimbabwe alinunua gauni jeusi, mojawapo ya yale ambayo si ya satini na hayakushika doa. Alikuwa wa kwanza siku hiyo. Yaya akaipokea noti, akaipitisha juu ya magauni yote yaliyotundikwa, kwenda na kurudi, akagusa nayo yaliyokunjwa, akaiweka kwenye paji la uso. "Asante Yesu, umefungua." Ndivyo tunavyofanya. Mama yetu alifanya hivyo sokoni Uvira, noti ya kwanza juu ya rundo la ndagala, dagaa wa ziwani. Sikuona kitu cha ajabu.

Pazia likavutwa. "Jeannine," Belyse akasema, "rudia."

"Nirudie nini?"

"Hicho ulichofanya na hiyo noti. Rudia polepole, Pitchou akuchukue kwa simu. Tutamtumia Maman Marthe."

Yaya akasema hajafanya kitu, amemshukuru Mungu kwa mteja wa kwanza, kila mtu anajua.

"Na yule mama wa Bangkok alifanya nini tofauti?"

"Mimi nimemtaja Yesu. Yule alimtaja nani?"

"Sijui," Belyse alisema. "Na wewe hujui. Tulikuwa wa kwanza kwake, akafurahi. Hicho ndicho nilichochekea, nilikuona wewe mezani. Nikasema, ona, huyu naye ni Jeannine."

Yaya hakuwa mtu wa kuangushwa na neno moja. Akaja na lile la mikono. Alisema aliiona mwenyewe, viganja viwili, mbele ya ile nyumba, akiwa dirishani na hana usingizi machoni.

"Nilikuwa namsalimu mzee."

"Mzee gani?"

"Nyuma ya ile nyumba kuna kiti cha plastiki. Anakaa mzee mlinzi, kama huyu Pitchou wako, ila yule halali kazini. Ndiye anayetuangalizia mabegi kila safari. Kwao mkubwa unamsalimu hivyo. Wewe ulikuwa juu, ungemwonaje?"

Yaya akauliza kwa nini hakumwambia.

"Uliniuliza?"

Belyse akarudisha pazia yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni Mkristo, na zile nyumba ndogo sizitetei. Wali unaowekewa asiyekula na soda inayowekewa asiyekunywa, mimi nisingepita karibu. Lakini Mungu aliyekataza sanamu ndiye aliyekataza kumshuhudia jirani uongo, na sijasikia kwamba katazo moja linafuta jingine.

Siku zile zilizobaki za juma yaya hakula vizuri. Hakuzungumza nami juu ya jambo lile, alikuwa anafua. Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama. Watu walidhani atashuhudia ushindi wa mafuta. Akasema: "Niliona mikono. Mtu aliyesalimiwa sikumwona. Niliwaletea nusu, nanyi mkaipika ikawa nzima. Belyse hana kosa."

Pasta alimwashiria mpiga kinanda, na wimbo ukaanza. Yaya hakukaa. Alisimama katikati ya wimbo, mikono kando, mpaka ubeti wa mwisho ukaisha. Kisha akarudia maneno yale yale kuanzia mwanzo. Maman Marthe akasema kwa huzuni kwamba adui amemziba dada yetu macho. Kuanzia siku hiyo kiti cha kulia cha yaya nacho kikawa kitupu.

Alikwenda Observatory peke yake. Hakutaka nimsindikize, na yaliyosemwa huko alikataa kuniambia, ila alirudi miguu imevimba kwa kilima cha huko, na Jumanne yake pazia halikuwepo. Belyse alirudi mezani. Kanisani hakurudi tena. Satini zilipakwa poda, nyingine zikapona, nyingine zikauzwa kwa watu wenye skafu ndefu. Yaya hakusafiri tena. Akiulizwa kuhusu Bangkok alisema ni mji msafi, una watu wa heshima, na hajaridhika nao.

Walikaa hivyo miaka miwili. Ugonjwa wake ulikuwa presha, na vidonge vyake alianza kumeza zamani, tukiwa bado nyuma ya pazia la fleti ile, kabla hajaijua Bangkok hata kwa jina. Mwaka huu moyo ukachoka. Hospitalini mimi na Belyse tulipokezana. Nani alimlisha yaya kwa kijiko? Belyse. Nilimwona akifungua mdomo bila kutazama kijiko kwanza, dada yangu, nikatoka nje nikasimama koridoni kwa muda. Alifariki Juni, wakati wa baridi. Kanisa lilimzika kwa heshima, Maman Marthe alimwosha kwa mikono yake, na kwa hilo nitamshukuru mpaka nife.

Matanga hayajaisha maneno yakaanza tena. Siku ya kuondoa matanga walikaa chumbani kwetu, Pasta na Maman Marthe na wazee wa Uvira wanaoishi hapa, kunishauri juu ya mtoto. Belyse hakualikwa. Walisema Shekinah akae kwa Maman Marthe. Niliwaeleza habari ya vidonge, nikawaeleza habari ya mzee wa kiti cha plastiki. Walisikiliza vizuri. Kisha Maman Marthe akanishika goti.

"Pitchou, mwanangu. Kama tunakosea sisi, tutakuwa tumemwonea mtu mzima mmoja. Kama unakosea wewe, tutazika mtoto."

Neno lile bado liko ndani yangu, na wala sidai kwamba limekufa. Nilikaa nikimfikiria yaya, alivyotazama viatu vya yule bwana njiani, alivyofunga masufuria. Nikawaambia: "Hapa chumbani hakuna aliyemchunguza Belyse kama yaya. Ninyi mmesikia sauti za simu. Yeye alivuka bahari kumtazama. Alimshuku mezani, alimshuku hata usiku akiwa kitandani kwake mwenyewe, mimi mdogo wake alinifungia wali. Na mtu huyo, alipojua anakufa, alisema mtoto aende kwa Belyse. Mimi ni nani nijifanye mjanja kuliko Jeannine?"

Mzee mmoja akaguna kwamba wagonjwa husema mengi. Pasta akasema watakuwa wanatuombea, kwa namna ambayo nilijua nami viti vyangu vitakuwa vitupu. Maman Marthe hakuondoka kwa hasira. Alimkumbatia Shekinah, akampaka mafuta kwenye paji la uso, na mtoto akakubali.

Jumamosi nilikodi bakkie, pikapu ya Mkongo mmoja, tukapakia godoro, sanduku na vitabu vya shule. Belyse alikuwa getini. Chumba chake kiko uani mwa nyumba kubwa, kina dirisha moja linalotazama kilima, na alikuwa amesogeza kitanda chake ukutani ili cha Shekinah kipate nafasi. Shekinah alianza kupanga viatu. Mimi nililaza godoro, kisha nikainama nikatazama chini ya kitanda cha pili. Nikatazama nyuma ya mlango. Nikapapasa pazia.

"Pitchou," Belyse akasema, "fungua na kabati."

Nikasema hapana, natafuta tu mahali pa kuchomeka simu.

"Fungua."

Nikafungua. Upande mmoja nguo zake, upande mwingine hanga tupu zimepangwa zikielekea upande mmoja, na chini sanduku la viatu. Akanionyesha kwa kidevu kwamba nalo nifungue. Lilikuwa na viatu.

"Na jikoni?" akauliza.

"Jikoni nitaangalia Jumamosi ijayo," nikamwambia.

Alinitazama, na sikuweza kujua kama amekasirika. Shekinah alikuwa ameacha kupanga, anatusikiliza.

"Basi uje mchana," Belyse akasema. "Nitapika maharage."

Nimekwenda Jumamosi ile, na zilizofuata. Mtoto ananenepa, na siku hizi anajibu kwa Kiswahili, cha Kirundi-rundi lakini Kiswahili. Ninakula ninachowekewa. Kabla ya kula ninaomba, macho wazi.